Mzee akitoka wodini, tiba ya kiharusi ndiyo kwanza inaanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MZEE aliyepatwa na kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, jamaa wengi hudhani kazi ya tiba imekwisha. Dawa za shinikizo la damu zipo. Kilichobaki ni kumlaza, kumlisha na kumwombea. Kumbe sehemu kubwa ya tiba ndiyo kwanza inaanza, nayo haimo kwenye vidonge.

Huduma hiyo huitwa utengamao, na ina matawi mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Fiziotherapia hushughulika na mwili wenyewe: nguvu za misuli, kunyooka kwa viungo, kusimama bila kuyumba na kutembea. Tiba kwa vitendo hushughulika na mambo ya kila siku, yaani kuvaa, kula, kuoga na kwenda chooni.

Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kuikosesha damu, au kwa damu kuvujia ndani yake. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kazi zake, nazo hujifunza kwa kurudiarudia. Ndiyo maana kumkanda mzee kwa mafuta peke yake hakutoshi: anayetumia nguvu hapo ni mkandaji, si mgonjwa.

Mazoezi huanza mapema, mgonjwa akishatulia, ila si kwa papara. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza yalipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Mtaalamu ndiye anayepaswa kupima wakati na kiasi.

Nyumbani ndiko yanakofanyika makosa, mengi yakitokana na upendo. Mzee huinuliwa kwa kuvutwa mkono uliopooza, na bega lililolegea huteguka. Hulishwa hata kama mkono mmoja ungali mzima. Huachwa amelala upande mmoja hadi apate vidonda, ilhali asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Anayepaliwa kila anapokunywa maji arudishwe hospitali akapimwe umezaji, kwa kuwa chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Kwa mji kama Mwanza, ambako nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na Isamilo zimepandana juu ya mawe, ngazi ni jambo la kufundishwa. Wakati wa kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Wakati wa kushuka, hutangulia ule dhaifu. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande ulio mzima, na kimo chake hufika kwenye kifundo cha mkono mzee akisimama wima huku mikono ikining'inia.

Katika kuvaa shati, mkono dhaifu huingizwa kwanza. Katika kuvua, hutolewa mwisho. Mpini wa kijiko ukizungushiwa kitambaa unakuwa mnene na kushikika. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya choo cha shimo humwondolea mzee adha ya kuchuchumaa, na fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza. Kwa bibi aliyezoea biashara ya dagaa, kuchambua dagaa kwenye ungo ni zoezi zuri la vidole kuliko kufinya mpira ambao haumhusu.

Mazoezi haya si ya wenye kiharusi pekee. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi ya kuimarisha miguu na kutoyumba hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Hili si dogo: Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta wamezidi milioni 3.

Tatizo ni kuwafikia wataalamu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima. Wataalamu wa tiba kwa vitendo ni wachache zaidi, na wengi wao wamesomea KCMC mjini Moshi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na taratibu za afya zinatoa matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo. Lakini msamaha huo haulipi nauli, na fiziotherapia ni tiba ya kurudi mara kwa mara. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Mzee wa Ukerewe anayetakiwa Bugando mara mbili kwa wiki bado anahitaji meli kutoka Nansio, pamoja na mtu wa kumshika mkono akipanda na kushuka, naye ana nauli yake.