Kuongeza nguvu ya injini isiyo na tabo

Kuongeza nguvu ya injini isiyo na tabo ni kazi ya kuirekebisha injini ya gari inayovuta hewa yenyewe, bila pampu ya kuisukuma, ili itoe nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Makala hii inahusu marekebisho ya kadiri: njia ya hewa, ekzosi, vali, kemshafti, kabureta na mgandamizo ndani ya silinda.

Msingi wake

Injini ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine. Kuongeza petroli ni rahisi. Kinachopatikana kwa shida ni hewa. Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Katika injini isiyo na tabo hewa hiyo husukumwa ndani na kanieneo ya angahewa peke yake, ambayo kwenye usawa wa bahari ni takriban kilopaskali 101. Ndiyo sababu gari lililo jepesi Mombasa huonekana zito Nairobi, ambako hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 15.

Basi fundi anaweza kuongeza ukubwa wa silinda, au kuzijaza vizuri zaidi kila pistoni inaposhuka, au kuzijaza mara nyingi zaidi kwa dakika. Kuongeza mgandamizo hakuleti hewa zaidi, bali hutoa kazi kubwa zaidi kutoka kwa joto lile lile.

Mfano wa Mini Cooper

Gari la Mini lilitolewa Uingereza na kampuni ya BMC mwaka 1959, likiwa na injini ya sentimita za ujazo 848 na nguvu farasi 34. John Cooper, ambaye magari ya kampuni yake yalitwaa ubingwa wa Formula One mwaka 1959 na 1960, aliishawishi BMC kutengeneza aina yenye nguvu zaidi. Mini Cooper ya mwaka 1961 ilikuwa na sentimita za ujazo 997 na nguvu farasi 55, bila tabo.

Hesabu ya ongezeko hilo inafundisha mengi. Ukubwa uliongezeka kwa asilimia 17 hivi, na huo peke yake ungefikisha nguvu farasi 40. Uwiano wa mgandamizo ulipanda kutoka 8.3 hadi 9. Kwa kanuni ya Otto faida yake haizidi asilimia 3, yaani nguvu farasi 1 tu. Zinabaki 14. Hizo zilitokana na upumuaji: kabureta mbili badala ya moja, vali kubwa zaidi za kuingizia hewa, ekzosi iliyo wazi zaidi, na kemshafti inayoziacha vali wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa kupumua hivyo injini ilifikia kilele cha nguvu kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika badala ya 5,500.

Mpaka wake ulikuwa kwenye silinda hedi. Silinda nne ziligawana milango miwili tu ya hewa na mitatu ya moshi, hivyo silinda jirani zilinyang'anyana hewa. Hata hivyo Cooper S ya mwaka 1963 ilifikia nguvu farasi 70, na Paddy Hopkirk aliitumia kushinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964.

Mambo ya kuangalia

Injini iliyochoka haifai kurekebishwa. Ringi zinazovujisha, vali zisizokaa vizuri na plagi zilizoliwa huiba nguvu nyingi kuliko filta mpya itakavyoleta. Filta ya wazi inayouzwa kwa bei kubwa mara nyingi huongeza mlio tu. Tena ikivuta hewa ya moto chini ya boneti, ya nyuzi 55 badala ya 25, uzito wa hewa inayoingia hupungua kwa takriban asilimia 9. Bomba la baridi kutoka mbele ya gari lingesaidia zaidi, na kwa gharama ndogo.

Kemshafti kali huhamishia nguvu kwenye mizunguko ya juu. Dereva wa foleni za mjini atapata injini inayotetemeka gari likisimama na kuvuta vibaya likianza kuondoka.

Mgandamizo ukizidi uwezo wa petroli, yaani okteni ikiwa ndogo, mchanganyiko hulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu. Husikika kama kokoto zikigongana ndani ya kopo, na pistoni huweza kutoboka. Kabureta isiyopimwa upya baada ya kubadilisha filta na ekzosi huleta hatari kama hiyo, kwa kuwa hewa imeongezeka na petroli imebaki ile ile.

Breki husahauliwa mara nyingi, nalo ni kosa la hatari. BMC yenyewe haikuiacha Mini Cooper na breki za ngoma peke yake: magurudumu ya mbele yalifungwa breki za diski, za kipenyo cha inchi 7.