Mzazi Kwanza, Mtoto Baadaye: Mpangilio wa Faili kwenye Seva ya Saraka

Nilipoanza kusaidia kusimamia seva ya akaunti za wanafunzi, nilikabidhiwa faili tatu: 1-skima.ldif, 2-idara.ldif na 10-wanafunzi.ldif. Nikaandika programu fupi ya kuziingiza moja baada ya nyingine, nikaenda zangu kunywa chai. Kurudi, hakuna mwanafunzi mpya hata mmoja anayeweza kuingia kwenye mfumo. Idara zipo, watu hawapo! Kulikoni?

Seva ya saraka ni kama daftari kubwa la taasisi: nani yupo, yuko idara gani, barua pepe yake ipi. Nyingi hutumia itifaki ya LDAP, na mabadiliko huandikwa kwenye faili za maandishi za mtindo wa LDIF. Taarifa zimepangwa kama mti uliopinduliwa, mzizi juu, matawi chini. Mwanafunzi haelei hewani, anakaa chini ya tawi la idara yake. Ukimwingiza kabla tawi halijaundwa, seva inakataa kwa kosa namba 32, yaani "kitu hicho hakipo".

Kuna pia skima, yaani kanuni zinazosema rekodi ya aina fulani ina sehemu zipi. Aina ya inetOrgPerson, inayotumika sana kwa watu, imejengwa juu ya organizationalPerson, nayo imejengwa juu ya person. Ndiyo maana kwenye OpenLDAP skima ya inetorgperson hupakiwa baada ya core na cosine.

Sasa kosa langu. Kompyuta ilipanga majina ya faili kama maneno, herufi kwa herufi, siyo kama namba. Basi 10 ikaitangulia 2, na wanafunzi wakafika kabla ya idara. Dawa ya haraka ni kuandika 01, 02, 10. Wala usitegemee ldapadd -c, ambayo husonga mbele hata kosa likitokea: rekodi iliyokataliwa hairudiwi, hata kama mzazi wake ataingia sekunde moja baadaye.

Lakini faili zikiwa hamsini, nani atazipa namba kwa kichwa? Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha njia rahisi:

1. Kwa kila faili, hesabu ngapi inazitegemea.
2. Chukua yenye sifuri, iingize.
3. Punguza moja kwa kila faili iliyokuwa ikiisubiri.
4. Rudia hadi ziishe.

Kwetu skima ina 0, idara 1, wanafunzi 2. Skima ikiingia, idara inabaki na 0 na wanafunzi 1. Idara ikiingia, wanafunzi nao ruksa.

Je, faili zikibaki na hakuna yenye sifuri? Hapo kuna mzunguko: hii inasubiri ile, na ile inasubiri hii. Itabidi ugawanye mojawapo. Uzuri ni kwamba unajua mapema, kabla hujaigusa seva.

Kufuta ni kinyume chake: watoto kwanza, mzazi mwisho. Ukijaribu kufuta tawi lenye rekodi chini yake, utapata kosa 66.

Wanafunzi wale waliingia jioni ileile, baada ya kubadili majina ya faili mbili na kuziingiza upya rekodi zilizokataliwa. Tangu siku hiyo, chai nakunywa baada ya kusoma ripoti ya makosa.