Taa Inayopepesa Katika Kompyuta

Katika shule na ofisi za Musoma, Bunda na Butiama, kompyuta si kitu kigeni tena. Ukiitazama kompyuta ya kasha, yaani ile iwekwayo mezani au chini ya meza, mara nyingi utaona upande wake wa mbele taa mbili ndogo kama punje za mtama. Moja huwaka kwa utulivu, na maana yake ni kwamba umeme umeingia. Ya pili hupepesa. Mara huwaka, mara huzimika, wala huwezi kuona mpango wake. Watu wengi hudhani ya kuwa taa hii ya pili ni pambo tu. Sivyo, taa hiyo ni mjumbe. Yatupasha habari ya kwamba diski ya kompyuta ina kazi, yaani kuna maneno yanayosomwa au kuandikwa humo saa ile ile.

Diski ni ghala ya kompyuta. Kila barua, kila picha na kila hesabu itakayohitajiwa kesho huwekwa humo. Diski za namna ya zamani zina sahani zinazozunguka upesi sana, nyingi kwa mizunguko 5,400 au 7,200 kila dakika, na mkono mwembamba hupita juu yake pasipo kugusa. Ukitega sikio waweza kuzisikia zikivuma na kukwaruza. Lakini diski za namna mpya hazina kitu kinachozunguka wala kutikisika, basi hazina sauti hata kidogo. Zikifanya kazi hutajua, illa kwa ile taa.

Pengine mtauliza, Kuna haja gani ya kujua? Sikilizeni. Umeme wa mkoa wetu hukatika pengine bila kutoa habari, na katika vijiji vilivyo mbali na nguzo watu hutumia paneli za jua na betri, ambazo nguvu yake hupungua jioni. Sasa mfikirieni mwalimu aandikaye alama za wanafunzi wa darasa la saba. Amekwisha kubonyeza mahali pa kuhifadhi, naye adhani kazi imekwisha; kumbe kompyuta imepokea amri tu, na kuandika kwenyewe kungali kunaendelea. Mtu akichomoa waya wakati huo, orodha yaweza kubaki nusu. Tena, jambo lililo baya zaidi, kompyuta ina daftari yake ya siri inayosema kila kitu kimewekwa wapi katika diski. Daftari hiyo ikikatizwa katikati ya mstari, hata habari za mwaka uliopita zaweza kupotea, ingawa hakuna aliyezigusa. Ni kama kumnyang'anya karani wa pamba kitabu chake pale Bunda wakati anapoandika uzito wa mzigo: atakayekifungua kesho hatajua mzigo ni wa nani.

Njia iliyo sawa ya kuzima kompyuta ni kuiamuru izime yenyewe, na kungoja. Walakini umeme ukikatika, na kompyuta ikaachwa kwa ile betri ya akiba inayolia na kudumu dakika chache tu, hapo ndipo inapofaa sana kuitazama taa ya diski. Inapopepesa kwa haraka, usiguse waya.

Shida ni kwamba taa hiyo ni ndogo mno. Aketiye mbele ya kioo haioni, wala darasa zima haliwezi kuiona. Na hapa pana jambo la kupendeza. Vijana wengi wa mijini hupenda kupamba makasha ya kompyuta kwa tepe za taa za rangi, nyekundu, kijani na buluu. (Mwaka 1974, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipokuwa Rais, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini; baadaye amri hiyo ililegezwa, na leo vijana huzivika mapambo kama maharusi.) Nyingi za taa hizo huwaka tu, wala hazisemi neno. Kwa maoni yangu pambo linalosema jambo la kweli lapita pambo lililo bubu. Basi tuone jinsi utepe wa taa unavyoweza kufuata mwendo wa diski.

Mtu asiyefikiri atasema, Chomoa ile taa ndogo, ufunge utepe mahali pake. Hebu tufanye hesabu kwanza. Taa ndogo ya diski hupata umeme wake katika pini mbili za ubao mkuu wa kompyuta, karibu na herufi HDD. Kwa kawaida pini hizo hutoa volti 5 au pungufu, na miliampea chache tu. Kazi yake ni kuwasha punje moja ya taa. Utepe wa kawaida wa volti 12 una taa 60 katika kila mita, zimefungwa tatu tatu, na kila kundi la tatu hunywa miliampea 20. Nusu mita ina makundi 10, basi yahitaji miliampea 200. Umpe mtoto mdogo mizigo ya watu wazima ishirini! Volti zenyewe hazitoshi, kwa hiyo utepe hautawaka. Na mtu akijaribu kulazimisha kwa njia nyingine aweza kuunguza sehemu ya ubao mkuu, ambao ukiharibika kompyuta nzima hulala.

Dawa ni kumwacha mjumbe awe mjumbe, na mzigo uchukuliwe na mwingine. Maji ya mji wa Musoma hutoka ziwani kwa pampu. Mtoto hufungua bomba kwa vidole viwili na ndoo hujaa. Lakini maji hayasukumwi na vidole vile. Vidole hutoa amri tu, na nguvu yatoka kwenye pampu. Bomba la namna hiyo katika mambo ya umeme huitwa transista. Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na ndani ya kompyuta ya leo zimo kwa mabilioni. Ina miguu mitatu: umeme kidogo ukiingia kwa mguu wa kati, umeme mwingi hupata njia kati ya ile miwili ya kando.

Ili ubao mkuu usiguswe na umeme wa utepe hata kidogo, twaweka na kidude cha pili, kiitwacho optokapla. Hicho ni cha ajabu kidogo. Ndani yake mna taa isiyoonekana kwa macho, na mbele yake transista inayofunguka ikipigwa na nuru. Hakuna waya kati ya pande hizo mbili. Habari huvuka kwa nuru peke yake, kama wavuvi wa mitumbwi miwili wanaopashana habari kwa taa usiku.

Kazi yenyewe ni hii. Chukua optokapla iitwayo PC817, yenye miguu minne. Kitone kilicho juu yake huonyesha mguu wa kwanza, na mingine huhesabiwa kwa kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Pini ya HDD yenye alama ya kujumlisha huungwa na mguu wa kwanza kupitia rezista ya omu 220. Pini ya pili huungwa na mguu wa pili. Waya wa manjano utokao katika kisanduku cha umeme cha kompyuta una volti 12. Huo waungwa na upande wa kujumlisha wa utepe, na pia na mguu wa nne wa optokapla. Mguu wa tatu waungwa, kupitia rezista ya omu 1,000, na mguu wa kati wa transista BC337. Sasa shika transista hiyo uso wake bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini: mguu wa kushoto hupokea upande wa kutoa wa utepe, na mguu wa kulia huungwa na waya mweusi. Mwisho, weka rezista ya omu 10,000 kati ya mguu wa kati na waya mweusi, ili taa zizimike kabisa diski inapopumzika. Tumia nusu mita tu; transista hii ndogo isizidishiwe mzigo.

Kazi hii yote hufanywa kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, na mtu mzima ajuaye umeme akiwapo. Kile kisanduku cha umeme chenyewe kisifunguliwe kamwe. Umeme wa ukutani una volti 230, nao waweza kuua. Na ndani ya kisanduku mna vidude vinavyoweka umeme hata baada ya kuchomoa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tusitumie balbu za tochi za zamani. Balbu ile ina uzi ambao hauna budi kupata moto kwanza ndipo uangaze, na huchelewa kupoa. Diski hufanya kazi kwa vipande vidogo vya nukta, na uzi wa balbu usingeweza kuzifuata. Taa za LED hazingoji moto. Hutii mara moja. Ndizo zile zile ambazo wavuvi wengi wa dagaa katika ziwa letu hutumia sasa kwa betri, mahali pa karabai za mafuta ya taa.

Ukiisha kufunga, washa kompyuta. Wakati wa kuamka utepe utapepesa sana, kwa kuwa mashine yasoma mambo yake mengi katika diski. Kisha utatulia. Nakili mkusanyo wa picha nyingi, nao utachangamka tena. Usipowaka hata mara moja, badili zile nyaya mbili za pini za HDD, maana huenda umezigeuza. Ukibaki kimya bado, tazama namna ya diski: bodi nyingine hazionyeshi kwa pini hizo kazi ya diski mpya ziitwazo NVMe. Na ukiwaka mfululizo kwa muda mrefu, ilhali kompyuta haiitikii neno, huenda diski yataabika kusoma mahali palipoharibika; hapo mwiteni fundi, na kama mashine ingali yaitikia kidogo, nakilini orodha zenu mahali pengine siku hiyo hiyo.