Shuka ikipotea kwa hoteli, nani analipa?

Watu wengi wenye wamelala kwa nyumba za wageni za milima ya Masisi wanarudi na malalamiko ya namna moja. Kwa mapokezi wanakuomba feza hata mzigo haujatua chini. Maji ya moto unaomba saa kumi na mbili ya magharibi, yanafika saa mbili ya usiku, na yamekwisha kuwa vuguvugu. Sabuni ni kipande, tauli ni moja kwa watu wawili. Asubuhi, mbele ya kuondoka, binti wa kazi anaingia chumbani na kuhesabu shuka mbele ya macho yako, kama vile wewe ni mwizi. Mgeni anapanda gari na hasira, na akifika Goma anasema: « Watu wa kule hawajui kupokea mtu. »

Sisi wa sendika ya wachimbaji tumelala sana kwa nyumba hizo. Kazi yetu ni kufuata wachimbaji kule wanachimba: kwa upande wa Masisi ni Mushaki, Rubaya na Nyabiondo, kwa upande wa Walikale ni Mubi, Ndjingala na vijiji vya kando ya barabara ya taifa namba 3. Usiku tunakuwa meza moja na madereva, negosian, walimu, wauguzi na watu wa mashirika. Malalamiko hayo tumeyasikia, na mengine tumeyasema kwa kinywa chetu. Ni ya kweli. Lakini kazi yetu imetufundisha kuuliza jambo linatoka wapi. Shimo likianguka, hatuulizi tu nani alikuwa ndani. Tunauliza pia nani alikataa kununua miti ya kulishikilia. Ndiyo maana tulianza kuuliza wafanyakazi wa hoteli.

Mara moja, katika nyumba moja ya wageni yenye hatutaitaja, tulikuwa watu wanne. Tulilipa mbele, tukalala, na asubuhi binti akaja kuhesabu shuka. Mmoja wetu akachukia: « Mama, sisi tuko watu wazima. Unatuhesabia shuka? » Binti akainamisha kichwa, akajibu polepole: « Papa, munisamehe. Mwezi yenye ilipita dra mbili zilipotea, balizikata kwa mushahara yangu. Ingine ikipotea tena, sitapata kitu. »

Kutoka siku hiyo tumekuwa tukiuliza swali moja kila mahali tunalala: kitu kikipotea hapa, nani analipa? Jibu linafanana. Glasi ikivunjika, mfanyakazi anakatwa. Ufunguo ukienda na mgeni, anakatwa. Mtu akitoroka saa kumi ya alfajiri bila kulipa, mlinzi na binti wa mapokezi wanagawana deni. Mwenye nyumba hapotezi kitu. Hasara yote inashuka kwa mtu mwenye kupata kidogo kuliko wote.

Ukiisha kujua hilo, mengi yanaeleweka. Anaomba feza mbele kwa sababu alishalipia mtu mwingine. Sabuni anaikata vipande kwa sababu wamemhesabia mche mmoja kwa juma. Anahesabu shuka kwa sababu mwezi wake mzima umelala juu ya kitanda chako. Ukali wenye mgeni anaona kwa mapokezi, mara nyingi ni woga. Sisi wachimbaji hatushangai. Kwa shimo pia, mbele ya mchimbaji kuona sehemu yake, wanatoa kwanza chakula, koleo, tochi na sehemu ya mwenye shimo. Mwishoni anabaki anaangalia mikono.

Tuangalie sasa yale maji ya moto. Wageni wanapenda nyumba yenye iko juu ya kilima, wapate kuona majani, ng'ombe na ukungu wa asubuhi. Lakini chemchemi iko chini. Tufanye hesabu: vyumba 10, kila mgeni ndoo moja ya litre 20 magharibi na ingine asubuhi. Hiyo ni litre 400, ndiyo bidoni 20. Kila bidoni ikijaa ina kilo 20, na inapanda mlima kwa mgongo wa mwanamke, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Kisha maji yanawekwa juu ya mbabula ya makala, ndoo moja moja. Kwa nyumba nyingi tulizoona, mwenye kuchota, kuwasha moto, kufua, kupika na kufagia ni mtu mmoja au wawili. Ndoo yako ikichelewa, usifikiri binti amelala. Yuko nyuma ya ndoo ya saba.

Kuna jambo lingine lenye linatuuma sisi wenyewe. Mchimbaji anafika na mabote ya matope, anaambiwa: « Vyumba vimejaa. » Nusu saa kisha, jeep ya shirika inaingia, na chumba kinapatikana. Tumeona kwa macho yetu. Wenye hoteli wanatujibu kwamba udongo wa mashimo hautoki kwa shuka nyeupe, na kwa Masisi mvua haitoi nafasi ya kuanika. Ni kweli. Lakini dawa yake ni pipa la maji na brosi kando ya mlango, na kamba ya kuanika chini ya paa. Mashimo ya Rubaya yanahesabiwa kutoa karibu 15 % ya koltan ya dunia nzima. Simu za watu wa mbali zina jasho la mtu huyo ndani. Itakuwaje akose kitanda katika kijiji chake mwenyewe? Feza yake haina matope.

Wengine watasema basi ni desturi yetu iliyoharibika. Hapana. Kwa Ndjingala, zamani wakati watu walikuwa wanatoka Bisie kwa miguu ndani ya pori, na mifuko ya kasiterite ya kilo 50 mgongoni, kulikuwa mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya mbao. Mbele ya kuuliza jina lako alikuwa anakuletea beseni ya maji ya vuguvugu ya miguu. Kisha lituma na samaki, au sombe kama samaki haiko. Jina aliandika kwa kaye, na feza aliomba asubuhi. Tulimuuliza kama hakuna wenye walimkimbia. Akacheka: « Bako. Lakini wenye walirudia njo wengi. » Mama huyo hakuwa na moyo mwema kuliko yule binti wa Masisi. Tofauti ni kwamba nyumba ilikuwa yake. Hasara ilikuwa yake, na faida pia. Aliweza kuamua mwenyewe nani wa kuaminiwa. Binti wa kazi hana ruhusa hiyo.

Wala tusiseme huduma nzuri ni kitu cha wazungu. Hata hapa Kivu ya Kaskazini iko mfano. Kwa Rumangabo, katika Rutshuru, Hifadhi ya Virunga, yenye iko tangu 1925, ilijenga Mikeno Lodge: nyumba za mawe ya volkano zenye paa la nyasi, ndani ya miti, karibu na kituo cha Senkwekwe cha gorila yatima. Watalii wenye walipanda Nyiragongo walikuwa wanalala kwa vibanda vidogo karibu na mdomo wa volkano, kwa urefu wa zaidi ya mita 3 400. Nani alibeba mizigo mpaka kule? Nani alipika katika baridi ile? Ni watoto wa Kivu, sawasawa na hawa wa Masisi. Mtu mwenye ana kazi moja inayojulikana, na watu wa kutosha pembeni yake, anapokea mgeni vizuri.

Lakini mfano huo unafundisha jambo la pili. Mwaka 2018 utalii wa Virunga ulifungwa, baada ya mlinzi mwanamke kuuawa na watalii wawili wa Uingereza kutekwa. Ulifunguliwa Februari 2019. Machi 2020 ukafungwa tena juu ya Covid. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto. Mwaka 2022 vita ikarudi, na mwezi wa Oktoba M23 ikafika Rumangabo. Mtalii anabadilisha safari, anaenda kuona gorila Rwanda ao Uganda. Mbeba mizigo hana pa kuhamia. Hapo pia hasara inamtafuta mtu wa chini.

Kwetu ni vile vile. Rubaya ilichukuliwa na M23 mwisho wa Aprili 2024. Masisi-centre iliingiwa mwanzo wa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi huo huo, na Walikale-centre katikati ya Machi, mbele waondoke tena mwanzo wa Aprili. Hatufanyi siasa hapa. Tunasema tu habari ya hoteli. Nyumba zingine zilifunga mlango. Zingine zililaza familia zenye kukimbia. Na kuna mgeni mmoja mwenye hakuna mtu anaweza kumuomba feza mbele: mwenye bunduki, hata awe wa upande gani. Analala, anakula, anaenda. Asubuhi mwenye nyumba anapiga simu: « Feza ya vyumba vitatu iko wapi? » Binti aeleze nini? Kuna mwenye alituambia kwamba deni la usiku kama huo alilimaliza kwa miezi. Mtu aliyeponea bunduki usiku anakutana na makato mchana.

Sheria iko. Kode ya kazi ya Kongo, ndiyo sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haikuandikwa kwa makampuni makubwa peke yake. Inasema saa 45 kwa juma; zaidi ya pale ni saa za nyongeza, na zina malipo yake. Hata kama mkataba haukuandikwa, mfanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia zingine kwamba alifanya kazi. Na vitu vyenye kukatwa kwa mshahara vimehesabiwa ndani ya sheria. Havikuachwa kwa mapenzi ya mkubwa. Tunajua kwamba mkaguzi wa kazi haonekani mara nyingi kwa vilima vyetu. Ndiyo sababu ni lazima watu wenyewe wajue.

Tunajua vile vile kwamba wenye nyumba wengi si matajiri. Godoro likitoka Goma linapita barabara mbovu na barieri, na kila barieri inaomba kitu. Sahani moja ni hasara kweli. Hatusemi hasara isilipwe. Tunasema isilipwe na mtu mmoja.

Hapa tunatoa wazo lenye linatoka kwa wachimbaji. Makundi mengine ya shimo yanatenga kidogo kila wakati wa kuuza, kwa ajili ya vyombo vyenye vinavunjika. Ni kama likelemba. Hoteli inaweza kufanya hivyo: kwa kila usiku wa mgeni, franga kidogo iingie kwa kisanduku cha hasara. Shuka ikipotea, inanunuliwa na kisanduku. Mwisho wa mwaka, kile kimebaki kinagawanywa kwa wafanyakazi. Hapo binti ataangalia shuka vizuri, lakini hatakuwa na sababu ya kumuangalia mgeni kama mwizi. Na kuhesabu kufanyike wakati wa kuingia: mgeni na mfanyakazi wanahesabu pamoja, wanatia sahihi kwa kaye, mambo yamekwisha. Asubuhi ni kuagana tu.

Kwa wageni tunaomba machache. Maji ya moto, sema saa unayataka ukiwa unapokea ufunguo, usingoje kuvua nguo. Kama una feza ya fanta, mpe yule alibeba bidoni, si yule anakaa kwa kiti cha mapokezi peke yake. Malalamiko peleka kwa mwenye nyumba. Kumpigia binti kelele hakuleti mtu wa pili wa kuchota maji. Na mchimbaji, ndugu yetu, osha mabote mbele ya kuingia. Heshima tunayoomba tuitoe pia.

Kwa wafanyakazi wa hoteli, za Masisi na za Walikale: wengi wenu mnafikiri sendika ni ya watu wa shimo. Mtu yeyote mwenye kuuza nguvu zake ana haki ya kukaa na wenzake na kuchagua mjumbe. Anzeni kwa kaye moja: siku za kazi, saa za kuanza na za kumaliza, feza iliyokatwa na sababu yake. Siku ya mashauri, kaye hiyo itasema kwa ajili yenu.

Na wewe msomaji, ukilala tena kwa milima yetu na ukiona binti anahesabu shuka, usimtukane. Muulize kwa upole: ikipotea, nani analipa? Kisha jibu lake lipeleke kwa mwenye nyumba, wakati wa kulipa, wageni wengine wakiwa wanasikia.