Mchanga wa Bei Nusu na Godoro Lililolowa

Jabali alikuwa na miaka mitatu alipoanza kukojolea godoro la mwanangu. Tunaishi ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, na paka huyu hajakanyaga ardhi tangu aletwe akiwa anaenea kiganjani. Kwa mama, Tanga, paka walitoka uani, wakafukua chini ya mnazi, wakafukia, basi. Hakuna aliyewahi kukaa chini akapiga hesabu ya choo cha paka. Mimi nililazimika, maana godoro likishanywa mkojo wa paka dume halirudi kama lilivyokuwa, na mwezi uleule nilikuwa nimehamia mchanga wa choo wa bei nusu ili kubana matumizi.

Kabla ya mchanga, kuna gharama moja isiyoshindanishwa na nyingine: daktari wa mifugo. Paka anayeacha choo chake ghafla huenda anaumwa njia ya mkojo, na choo amekihusisha na yale maumivu. Kwa dume jambo hili ni zito zaidi. Ukimwona anaingia na kutoka kwenye beseni la choo mara kwa mara, anajikamua, analia, anajilamba sehemu za siri na hakitoki kitu au yanatoka matone tu, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mkojo ulioziba unaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Na kama dume lako halijahasiwa na linarushia mkojo ukutani likiwa limesimama, lipe kipaumbele hilo: madume tisa kati ya kumi huacha au hupunguza sana baada ya kuhasiwa. Jabali alishahasiwa, na mkojo wake ulipopimwa ulikuwa safi. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa ndani ya beseni.

Madukani, mchanga huo wa choo ni udongo wa aina mbili. Upo wa kawaida, unaofyonza mkojo na kubaki umelowa, na upo wa bentonaiti, ambao ukilowa hushikana donge unalolichota zima. Ule wa kawaida ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1947, pale Ed Lowe wa Michigan alipompa jirani yake chembe za udongo wa kufyonza mafuta badala ya majivu kwenye choo cha paka wake. Ule wa madonge ulikuja miaka ya 1980. Bei ya mfuko ndiyo inayotudanganya. Nilichukua mizani ya jikoni nikapima kila aina mwezi mzima, na hivi ndivyo ilivyokuwa kwa paka mmoja.

Udongo wa madonge nilikuwa nikichota kila siku na kuongezea kidogo, na mwezi ulipoisha nilikuwa nimetumia karibu kilo 7. Ule wa kawaida hauchoteki mkojo wake, kwa hiyo nilimwaga beseni zima kila wiki na kujaza upya, kilo tatu na nusu kila mara. Zinafika kilo 14. Tuchukulie bei za mfano, wewe uweke za duka lako: wa madonge shilingi 4,000 kwa kilo, wa kawaida 2,000. Wa kwanza ni 28,000 kwa mwezi. Wa pili nao ni 28,000. Sikuokoa hata senti, nikapandisha mzigo maradufu ngazi tatu, na kwa siku sita za kila wiki paka wangu alikuwa akikanyaga mkojo wake mwenyewe. Usiulize mfuko ni bei gani. Uliza unamaliza kilo ngapi kwa mwezi.

Maranda ya fundi seremala ni habari nyingine. Gunia linapatikana kwa hela kidogo au kwa salamu tu, na wafugaji wa kuku wanaujua ubora wake. Ila yanatawanyika nyumba nzima, hayazuii harufu zaidi ya siku moja, na lazima umuulize fundi kama mbao zilipakwa dawa ya mchwa. Zikiwa na dawa, acha. Mchanga wa ujenzi au wa ufukweni mkojo hupenya ukakaa chini, beseni likawa dimbwi usiloliona. Chembe za silika, zile nyeupe kama chumvi ya mawe, hunyonya vizuri na mfuko hudumu, lakini ni ghali na paka wengi hawapendi zinavyochoma nyayo. Vyenye manukato vipite tu. Marashi ni ya pua yako, na pua ya paka ni kali kuliko yako mara nyingi.

Kwa beseni, nakushauri ubane hela bila huruma. Trei nyingi za madukani ni ndogo kwa paka mkubwa. Kipimo kinachofaa ni mara moja na nusu ya urefu wa paka kutoka pua hadi shina la mkia. Jabali ana sentimita 46, anahitaji karibu 70, na kontena la plastiki la kuhifadhia nguo, likakatwa upande mmoja ili aingie bila kuruka, linatosha kabisa. Choo chenye paa hufungia harufu ndani, anakoingia yeye. Mashine za kujichotea zenyewe sizizungumzii: ni ghali mno, na zinataka umeme usiokatika.

Hela uliyookoa hapo nunulia beseni la pili. Paka mmoja, mabeseni mawili. Paka wawili, matatu. Na yasipangwe pamoja wala kando ya mashine ya kufulia. Udongo uwe na kina cha sentimita tano hadi saba. Chota kila siku, na si kwa ajili ya harufu peke yake: vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito asichote, na dada anayetusaidia nyumbani apewe glavu, asiachiwe kazi hii mikono mitupu. Usimwage udongo wa madonge chooni, utaziba bomba.

Palipokojolewa pasafishwe kwa sabuni ya vimeng'enya, hata kama bei yake inauma, kwa sababu paka hurudi panaponukia. Dawa ya klorini usiimwage kwenye mkojo, vikikutana hutoa hewa yenye sumu.

Jaribio la mwisho halikunigharimu. Niliweka mabeseni mawili sawasawa kwa ukubwa, moja la udongo wa madonge usio na harufu, moja la maranda niliyopewa na fundi wa mtaa wa pili, nikaandika kwenye kalenda ya jikoni kila alipoingia. Siku ya kwanza aliyanusa yote mawili. Tangu siku ya pili hadi ya saba hakugusa maranda hata mara moja, na godoro jipya la mwanangu lilibaki kavu. Jumamosi nilibeba gunia nikamrudishia fundi, naye akalimimina kwenye banda la kuku wake.