Je, Wajua? Treni Inaweza Kusimamishwa kwa Sauti Tatu

Tarehe 25 Agosti 2023, treni zipatazo 20 karibu na mji wa Szczecin, Poland, zilifunga breki ghafla. Hakuna aliyeng'oa reli wala kuingilia kompyuta. Mtu alirusha redioni sauti tatu zinazofuatana, kwenye masafa ya megahezi 150, na kila kichwa cha treni kilichozisikia kikatii. Mtambo huo wa kusimamisha treni kwa redio uliwekwa kuokoa maisha: mtu akiona hatari mbele, abonyeze kitufe na treni zote za jirani zisimame. Ila hauulizi amri imetoka kwa nani. Hauna nywila wala usimbaji, na redio ya bei ndogo inatosha kuudanganya.

Msomaji wa Kamina anaweza kusema hayo ni ya Ulaya. Hapa ni njia panda ya reli ya SNCC, shirika la reli la taifa la Kongo: kusini Lubumbashi, magharibi Kananga hadi Ilebo, na tangu 1956 Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Reli imechoka, treni huchelewa mno. Mdukuzi atafuata nini? Lakini uzee si kinga. Mtambo wa Poland ni wa zamani, hauhitaji intaneti hata kidogo. Mwaka 2008, katika mji wa Łódź nchini humohumo, mvulana wa miaka 14 aliichokonoa rimoti ya televisheni hadi ikaweza kugeuza njia za tramu. Tramu 4 ziliacha reli na watu 12 wakaumia. Tena reli iliyochakaa ndiyo itakayofanyiwa ukarabati, na siku hizi mitambo mipya huja na laini ya simu ndani yake.

Laini hiyo ndiyo ya kuchunguzwa. Mwaka 2025 shirika la usafiri la Oslo, Norwei, liitwalo Ruter, liliingiza basi la umeme la kampuni ya Kichina ya Yutong ndani ya mgodi, mbali na mawimbi ya nje, likalipima. Lilikuta kwamba mtengenezaji, kupitia laini kama hiyo, anaweza kuufikia kwa mbali mfumo wa betri na umeme, na kwa nadharia kulizima basi. Ruter haikusema kwamba jambo hilo limewahi kufanyika, na ni haki kulieleza hivyo. Linganisha na Kenya, Julai 2023: jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, eCitizen, liliposhambuliwa na wadukuzi, ukataji wa tiketi za treni mtandaoni ulivurugika. Ilikuwa kero kubwa, lakini tiketi ni jambo moja na breki ni jambo jingine, na zinapaswa kubaki mbalimbali.

Wapo watakaojibu kwamba fundi wa kiwandani akiweza kuiona injini kwa mbali, ubovu utagunduliwa mapema. Ni kweli, na kwa Kamina, iliyo mbali na viwanda na vipuri, faida hiyo ni kubwa. Lakini kusoma joto la injini si sawa na kuiamuru. Treni iruhusiwe kutoa taarifa nje. Amri yoyote inayogusa breki au umeme ipokelewe karakanani tu, fundi wa SNCC akiwepo. Watakaosaini mikataba ya vichwa vipya vya treni wakiandike kipengele hicho kabla ya kukubaliana bei, na wabunge wa jimbo letu la Haut-Lomami wadai kukisoma.