Jokofu la Chanjo na Seva Iliyozeeka

Siku ya tatu baada ya kutangaza kwamba barua pepe za chuo zimekwisha kuhamia seva mpya, muuguzi wa wodi ya watoto alitupigia simu. Aliuliza kwa upole, lakini swali lilikuwa zito: majibu ya kuotesha vimelea katika damu ya mtoto aliyelazwa, ambayo maabara inasema iliyatuma juzi, yako wapi? Maabara iliyasoma majibu hayo kwa simu dakika chache baadaye, na daktari akabadilisha dawa. Ndipo sisi wa kitengo cha TEHAMA tulipotambua kwamba tangazo letu lilikuwa la mapema.

Kuhama kwenyewe hakukuwa na budi. Seva ya zamani iliendeshwa na CentOS 7, mfumo endeshi uliotolewa mwaka 2014 na kuacha kupata viraka vya usalama tarehe 30 Juni 2024. Mfumo wa namna hiyo hauanguki siku ileile. Huendelea kufanya kazi vizuri, mithili ya mtu mwenye shinikizo la damu asiyejisikia dalili yoyote. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilivuruga takribani theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma nchini Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa, ilhali kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Tulichagua AlmaLinux 9, ambayo itapata viraka hadi mwaka 2032.

Kunakili masanduku ya barua ni kazi ya usiku kucha, wala haina mengi ya kusimulia. Anwani mpya ya seva ilisajiliwa, saini za kidijitali zikawekwa ili barua zetu zisidhaniwe kuwa barua taka, na asubuhi watumishi wakafungua barua zao bila kujua kilichotokea. Hata barua zilizotumwa wakati seva imefungwa hazikupotea, kwa kuwa seva iliyotuma huiweka barua katika foleni na kuijaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku nne au tano.

Kompyuta ndogo ya maabara haina subira hiyo. Programu yake hutuma majibu mara moja tu. Ikikataliwa, huandika neno la kushindwa katika faili ambalo hakuna anayelifungua. Nayo ilikuwa inakataliwa, kwa sababu ilitumia usimbaji wa zamani, TLS 1.0, ambao mfumo mpya haukubali tena. Kwa haki kabisa: usimbaji huo ulitangazwa rasmi mwaka 2021 kuwa haufai. Lakini haki ya kanuni si faraja kwa mama aliyekaa kando ya kitanda cha mwanawe.

Tulirejea kwenye kumbukumbu za seva ya zamani, tukasoma za mwezi mzima na kuorodhesha kila kifaa kilichowahi kuzungumza nayo. Kompyuta ya maabara ilionekana, na mashine mbili za kunakili nyaraka. Tukarekebisha zote, tukadhani tumemaliza.

Mfamasia ndiye aliyetuuliza, tena akiwa anapita tu: na jokofu la chanjo je? Jokofu hilo lina kipimajoto kinachotuma barua pepe pale tu joto linapotoka kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mwezi ule halikutoka. Kwa hiyo kumbukumbu zetu hazikuwa na hata mstari mmoja juu yake, na lau umeme ungekatika usiku, kengele ingelia kuelekea seva isiyosikia. Kifaa kinachosema siku ya shida pekee hakipatikani kwa kusoma kumbukumbu. Inabidi kutembea chumba hadi chumba na kuwauliza wanaokitumia, jambo ambalo sisi watu wa kompyuta, nakiri, hatulipendi sana.

Basi tulitembea siku mbili. Seva ya zamani tuliichomoa waya wa mtandao, tukaiacha ikae wiki mbili kabla ya kufuta diski zake kabisa, kwani ndani yake mlikuwa na miaka ya taarifa za wagonjwa.

Ndugu mtumishi wa afya, kama idara yako ina kifaa kinachotuma ujumbe chenyewe, tujulishe kabla hatujagusa seva tena. Majibu ya hatari yapigiwe simu, barua pepe ifuate. Nawe mgonjwa, ukiambiwa majibu yametumwa na siku ikapita bila kuyaona, uliza, si usumbufu.

Mchana wa siku ya mwisho mfamasia alikitoa kihisio ndani ya jokofu, akakifumba kiganjani hadi kikavuka nyuzi 8. Tulisimama tukitazama simu yake. Ujumbe ukaingia.